Gogo Lililopumua

Unguja, 3 Agosti 1992

Ami yangu Mwidani,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kibarazani na kikombe chako cha tangawizi, si kitandani. Mama ameniandikia kuwa miguu imekuvimba tena, na kwamba Dhahabu, mke wa mwanao, amekukataza chumvi. Pole sana, Ami. Najua unavyopenda papa mkavu. Mimi mzima, ila jua la huku limenigeuza mkaa.

Nina swali. Mwezi uliopita maji yalimtupa nyangumi ufukweni, kusini mwa kisiwa. Chuo cha bahari ninakofanya kazi kilitutuma tukampime. Alikuwa mrefu kuliko lori lenye tela, na ubavuni ana mikato iliyofuatana sambamba, kama chale ambazo mama humtia changu kabla ya kumpaka bizari. Mkubwa wetu akasema, "Hii ni rafadha, pangaboi la meli." Tangu siku hiyo tunawauliza mabaharia wazee, kuanzia Lamu hadi Mtwara: nani amewahi kumgonga nyangumi, au kumkosa kidogo? Wengi hucheka. Na wakicheka, namkumbuka baba.

Unalijua jambo lenyewe. Mwaka 1983 wewe ulikuwa nahodha wa lanchi ya kupeleka vyakula melini, na baba yangu Ngumbao alikuwa mwangalizi wako wa omo, mbele ya chombo. Mkapata ajali nje ya mwamba. Wewe ulisema mligonga gogo. Yeye alisema ni nyangumi, tena alimwona, akapiga ukelele. Hakuna aliyemsadiki. Alifukuzwa kwa kulala kwenye zamu, na mguu wake haukunyooka tena. Mpaka anafariki mwaka 1989, Likoni nzima ilimwita Baba Nyangumi. Nikitumwa dukani, watu wazima waliniuliza, "Babako leo hajamezwa?" Mama hadi leo hataki jina la mnyama huyo litajwe nyumbani. Nimemwambia kazi yangu ni ya samaki.

Sikulaumu, Ami. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma ramani ya bahari nikiwa na meno ya mbele pengo. Nataka kujua tu: lilikuwa gogo la namna gani?

Mwanao,
Nyamvula


Likoni, 20 Agosti 1992

Mwanangu Nyamvula,

Marahaba, mara mia. Barua yako ilinikuta kitandani, lakini ilinitoa kibarazani, kwa hivyo dua yako ilijibiwa nusu. Miguu imejaa maji, pumzi fupi. Daktari anasema ni moyo. Nimemwambia moyo wangu una miaka sabini na minne, auache useme unavyotaka. Dhahabu ananipikia mchuzi usio na chumvi. Ladha yake kama mvua. Mamako amekuja Ijumaa na boga. Yu mzima.

Gogo ni gogo, mwanangu. Mto ukifurika, miti hushuka baharini, hunywa maji na kuelea chini kidogo ya uso, usiione. Mabaharia wote wanaiogopa.

Lakini umeniamshia mambo ya nyangumi. Nimewaona, tena wengi. Kusi ikishapoa, mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, hupita nje ya mwamba wakielekea kaskazini, kisha hurudi. Kwanza unaona moshi unaosimama juu ya maji pasipo moto. Halafu mgongo wenye nundu. Halafu, ukijaliwa, mkia wote, mpana kama mlango wa msikiti, unazama polepole bila kurusha tone. Mara moja nilimwona mmoja akiruka mzima mzima nje ya maji. Nilikuwa nimesoma, nina cheti, nimeshika usukani wa chombo cha chuma, na nikasema "Subhanallah" kwa sauti kama mtoto.

Babu yangu aliniambia manahodha wa kale walikuwa na upatu wa shaba kwenye omo. Msimu wa nyangumi ukifika waliupiga chombo kikienda, ili mnyama asikie apishe. Mimi niliposhika chombo sikuwa na upatu. Sisi tulisema, injini inapiga kelele kushinda upatu mia, kiziwi gani asiyesikia? Tuliaminishana hivyo bandarini: nyangumi hupisha. Je, ni kweli wanasikia? Na jingine: wanalala? Mnyama anayepumua hewa kama sisi, akilala baharini asizame, hulala vipi? Nimeliwaza swali hilo miaka, na sikuwa na wa kumuuliza.

Nijibu upesi. Mimi si mtu wa kungojeshwa tena.

Ami yako,
Mwidani


Unguja, 14 Septemba 1992

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba boga limefika, nikasikitika juu ya mchuzi wa mvua. Ukimbembeleza Dhahabu kwa ndimu nyingi na pilipili, hutaikumbuka chumvi. Mimi nina mafua tu, ya kulala kwenye mashua.

Maswali yako nimeyapeleka kwa mkubwa wetu, akaacha chai yake ikapoa. Kulala, wanalala, lakini kwa nusu ya ubongo. Nusu moja inalala, nusu inakumbuka kupumua. Kisha wanabadilishana, kama zamu za baharini. Kusikia, wanasikia sana, pengine kuliko kiumbe chochote. Lakini hapa kuna ajabu ambayo wataalamu bado wanabishana juu yake: wengine wanasema aliye mbele kabisa ya omo ndiye anayesikia kidogo. Injini iko tezi, nyuma, na mwili wa chombo unaizuia sauti isifike mbele. Ukiwa ubavuni unasikia ngurumo. Ukiwa mbele, penye hatari, ni kama mlango umefungwa. Ikiwa ni kweli, basi manahodha wa kale waliupiga upatu mahali penyewe hasa. Au walibahatisha. Hatujui.

Na majike, wale wenye watoto wachanga, hukaa juu ya maji wasijitikise. Mtoto hana pumzi ya kuzama sana, kwa hiyo mama hangojei chini, anangojea juu. Nimeona picha. Mweusi, mrefu, maji yanampita juu. Ami, anafanana na gogo! Wataalamu wa Kiingereza hata wana neno la kulala kwa namna hiyo, lililotokana na neno lao la gogo.

Niliposikia hilo niliirudia akilini ile ajali yenu. Huenda nyote wawili mlisema kweli. Baba akiwa omo alimwona nyangumi. Wewe ukiwa kwenye usukani, mbali, ukaona gogo, ukasema ulichokiona. Injini ikakuzuia usisikie sauti yake. Hakuna aliyelala, na hakuna aliyedanganya. Sivyo, Ami? Niandikie tu kwamba ndivyo, nami nitamweleza mama kwa upole, na hatimaye jina hilo litatajika nyumbani kwetu.

Mwanao,
Nyamvula


Likoni, 2 Desemba 1992

Mwanangu Nyamvula,

Salamu nyingi, na unisamehe kimya. Nililazwa wiki kadhaa nikatobolewa mgongo kutolewa maji. Sasa niko nyumbani. Lakini nisikufiche, si ugonjwa ulionizuia kuandika. Barua yako nilikuwa nayo chini ya mto hospitalini. Niliisoma nikaona umenijengea nyumba nzuri, ina mlango, ina dirisha, imebaki niingie tu. Niliitamani. Ningekuandikia neno moja, "ndivyo," nikafa mtu mwema kwako na kwa mamako.

Sivyo, mwanangu.

Ngoja nikueleze kazi yetu ilivyokuwa, maana pasipo hiyo huelewi. Meli ikionekana kwa mbali, wafanyabiashara wa vyakula vya melini walituma lanchi kuilaki. Nahodha wa lanchi iliyofika kwanza ndiye aliyepanda ngazi kuzungumza na mpishi wa meli, na kazi yote ikawa ya tajiri wake: nyama, mboga, maji, sabuni. Aliyefika wa pili alirudi na salamu tu. Kwa hiyo tulikimbizana. Siku hiyo asubuhi lanchi nyingine ilinitangulia. Nilikuwa nimeshindwa mara mbili juma lile, na watu kivukoni walikuwa wakiniambia, "Nahodha msomi, vyeti vyako vinapiga makasia?" Niliufungua moto wote wa injini.

Tulipotoka mlangoni mwa mwamba, babako alikuwa amesimama omo, kashika kamba. Hakuwa amelala. Ngumbao hakuwahi kulala kwenye zamu hata siku moja. Aliinua mkono akapaza sauti, "Nyangumi! Mbele! Nyangumi!" Nilimsikia. Injini ilikuwa na kelele, lakini nilimsikia. Naye akageuka, tukatazamana.

Na mimi mwenyewe nilimwona. Kitu cheusi, kirefu, maji yakikipita juu, kama ulivyosema. Gogo kweli, kwa kumtazama. Kisha gogo likapumua. Moshi ulipanda mweupe, na kando yake ukapanda moshi mwingine mdogo sana, kama wa birika. Nilijua maana yake. Nilisema moyoni, atapisha, wao hupisha siku zote. Nikautazama mgongo wa lanchi iliyonitangulia. Sikuupunguza mwendo na sikuugeuza usukani.

Hakupisha. Leo wewe ndiye uliyeniambia kwa nini. Miaka yote nilidhani alikaidi.

Lanchi iliruka, babako akatupwa mbele majini, na mguu wake ukabanwa baina ya chombo na yule mnyama. Tajiri aliponihoji, niliona cheti changu kikichanwa. Nikasema ni gogo, kwa sababu gogo halina wa kulaumiwa. Akauliza, "Na mwangalizi wako alikuwa wapi?" Nikajibu, "Alikuwa omo, lakini sikusikia sauti yake." Maneno hayo tu. Sikusema alilala. Hayo ya kulala waliyaongeza wenyewe, nami nikawaachia. Miaka yote nimejificha nyuma ya hilo, kwamba mimi sikusema alilala.

Babako alinijia mara moja, kwa mkongojo. Akasema, "Nahodha, wewe ulisikia." Nikamwambia, "Ngumbao, injini ilikuwa na kelele." Akanitazama kama pale omo. Akaniaga vizuri. Hakurudia tena neno hilo mbele yangu, na kila Idd alikutuma wewe uniletee sahani ya mahamri na nyama. Unakumbuka? Nilikula, Nyamvula. Kila mwaka nilikula.

Nifanye nini sasa? Nimwambie mamako, au nimwache na amani yake? Wewe ndiye mwenye haki ya kuamua. Nangoja neno lako.

Ami yako,
Mwidani


Unguja, 27 Februari 1993

Mzee Mwidani,

Salaam. Natumai una nafuu, na Ramadhani inakwenda salama, ingawa wewe umeruhusiwa kula.

Barua yako ilifika kabla ya mwaka mpya. Nimeanza kuijibu mara nyingi. Juu ya mama, sina neno. Usiniulize mimi. Mimi ndiye niliyekaa naye miaka hiyo nikimtazama akishona pindo bila kuinua kichwa, wakati watu wanapiga mluzi wa kejeli nje.

Nina maswali ya kazi. Tukio lako ndilo pekee tulilonalo ambalo nahodha mwenyewe amekiri kumwona mnyama kabla ya kugonga. Kwa hiyo nijibu kama baharia:

Mlikuwa umbali gani babangu alipopaza sauti? Ungeugeuza usukani, mngemkwepa? Mlimgonga mkubwa au mdogo? Baadaye walionekana tena?

Na la mwisho, hili si la kazi. Ulipomtoa babangu majini, alisema nini? Kwetu hakulisema kamwe. Mama alimuuliza, akawa anatazama ukuta.

Nyamvula


Likoni, 2 Aprili 1993

Mpendwa Nyamvula,

Idd njema, ingawa imekwisha pita. Sitauliza kwa nini hukutia sahihi kama zamani. Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu ambaye majirani huja kumsalimia kisha wakanong'ona na Dhahabu mlangoni. Penye mstari uliopinda usidhani nimelia, ni kalamu tu.

Kwanza maswali yako. Umbali ulikuwa kama kutoka gati la kivuko la Likoni mpaka katikati ya maji. Ndiyo, ningeugeuza usukani tungemkwepa, tena bila haraka. Tulimgonga mkubwa. Mdogo alikuwa upande wa pili, mama alikuwa kati yetu naye. Baadaye nilimwona mkubwa akiinuka mara moja, mbali kidogo, na pumzi yake haikuwa nyeupe. Yule mdogo alikuwa kando yake, anamgusagusa. Wakazama pamoja. Zaidi ya hapo sijui, na yule mliyempima ninyi hawezi kuwa yeye, lakini nimejikuta nikiuliza.

Ulisema huna neno juu ya mamako. Nilikaa na kimya chako juma zima, nikaona si ruhusa wala si katazo. Basi nikaenda. Nilimwomba Rashid muuza maji anipe mkokoteni wake. Akautandika mkeka, akanisukuma mchana kweupe, na njia nzima wakasimama wanaume wakidhani ni jeneza. Mmoja akauliza, "Nani?" Rashid akajibu, "Bado."

Mamako alikuwa ukumbini anachambua mchele. Nilitaja jina lile nyumbani kwake. Nikasema, "Mwanatatu, alikuwa nyangumi. Ngumbao aliniita, nami nilimsikia." Hakuacha kuchambua. Akatoa chuya moja, akaitupa, akatoa nyingine. Kisha akasema, "Nilijua. Mume wangu hakuweza kudanganya hata bei ya pweza." Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nilikwisha choka kukukasirikia, Mwidani, zamani. Lakini radhi unayoitaka haiko hapa ukumbini. Lile gogo ulilisema mbele ya watu. Lirudishe ulikolitoa."

Kisha akaniletea maji. Yalikuwa na chumvi kidogo na ndimu. Sikumwambia Dhahabu.

Siku ya Idd nilimwambia Rashid anipeleke msikitini mapema. Baada ya swala watu walitoka na kanzu zao, wanakumbatiana, wanapeana mikono ya Idd, nami nikawa nimekaa pale nje kwenye mkokoteni. Wakanijia kunipa mkono. Kila aliyenipa mkono nilimshika nisimwachie mpaka amesikia. Wa kwanza alidhani ni homa. Akasema, "Mzee, pumzika." Nikasema, "Nimepumzika miaka kumi." Ikabidi nipaze sauti, nami sina pumzi, kwa hiyo nilisema neno nikavuta hewa, neno nikavuta hewa, kama huyo mnyama mwenyewe. Nikawaambia: Ngumbao hakulala. Aliona, akaita, nikasikia, sikugeuza. Nikawaambia na habari ya mtoto.

Wengine walitazama viatu vyao, na najua kwa nini, maana miluzi ile haikupigwa na upepo. Kisha kijana mmoja, mcheshi wa pale stendi, hakuweza kuvumilia kimya. Akasema, "Kumbe Baba Nyangumi ndiye huyu! Na mzee, Nabii Yunus alimezwa akatapikwa, wewe umekaa tumboni miaka yote hiyo?" Watu wakacheka. Mtu mzima mmoja akataka kumpiga kofi. Nikasema mwacheni, amesema vizuri kuliko mimi.

Tangu siku hiyo watoto wakipita kibarazani huniamkia kwa jina hilo. Dhahabu huwafukuza na fagio. Mimi huwaitikia. Na Ijumaa iliyopita mamako alipita na mwanamke mwingine, watoto wakaliita jina lile, naye hakuinama. Aligeuka akatazama ni nani anayeitwa, akaona ni mimi, akaendelea na safari yake.

Sasa swali lako la mwisho. Nimeliweka nyuma kwa kuwa ndilo zito.

Nilimvuta babako kwa kwapa mpaka ndani ya lanchi. Mguu ulikuwa umegeuka usivyopasa, uso wake rangi ya majivu. Nilitazamia anilaani, na laiti angenilaani. Alikamata ukingo wa chombo, akajiinua, akatazama kule maji yalikokuwa yakitibuka. Akaniuliza, "Nahodha, mtoto anaye?"

Sikuelewa. Akarudia, "Yule mtoto. Yuko na mamake bado?"

Nikamwambia yuko naye. Akasema, "Alhamdulillahi," akazirai.

Ndilo hilo. Sijui kwa nini hakuwaambia. Labda alijua wangelicheka na hilo pia.

Mwezi wa saba watapita tena. Nimemwambia Dhahabu, nikiwapo, anitoe mpaka pale penye mnara wa taa nitazame. Nisipokuwapo, njoo utazame wewe, na umlete mamako. Kaeni upande wa mashariki alasiri, jua likiwa nyuma yenu. Kwanza mtaona moshi pasipo moto. Hesabuni pumzi, msikimbilie kusema ni mmoja. Tazameni kando yake.

Wako,
Baba Nyangumi